Kitanda cha Tisa Hajambo

Ndugu zangu wauguzi na madresa vijana mliobaki wodini,

Kwanza mnisamehe mwandiko. Nilisoma shule ya misheni huko Muleba mpaka darasa la nne, na mwalimu wetu alikuwa akisema herufi zangu zinafanana na kuku waliokimbia mvua. Tangu siku hizo sijaandika kitu kirefu kuliko mstari mmoja wa chati. Karatasi hizi zimenichukua majuma matatu, na mke wangu ameanza kuuliza kama naandika Biblia upya. Mahali nilipokosea herufi, someni kwa huruma ile ile mnayosomea hati ya daktari.

Siku mliyoniita Bukoba mniage nilipostaafu, kwa chai na maandazi, mmoja wenu alisimama akasema kwamba ile kazi ya kukaa kwenye ndoo kando ya mgonjwa kila asubuhi, kumwuliza habari zake mpaka aseme la moyoni, ni mtindo wa Dresa Zakaria. Wote mkapiga makofi. Mimi nikaongeza sukari kwenye chai iliyokuwa tamu tayari. Mtindo ule si wangu. Nimeuvaa kama koti la mtu kwa miaka mingi, na kabla sijafa nataka kuwaambia ni la nani.

Nilianza kazi ya udresa, kusafisha na kufunga vidonda, nikiwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Nyumbani wakija wageni nilikimbilia migombani nikabaki huko mpaka wameondoka. Baba alinipeleka Bukoba mjini kwa lori la kahawa, nimekaa juu ya magunia, kwa sababu mchungaji wetu alimwambia hospitalini wanataka kijana anayejua kusoma. Hakumwambia kwamba wanataka pia kijana anayeweza kusema na watu.

Siku ya kwanza nilipewa bakuli la enameli na kibano, nikaambiwa nimshikie dresa mkubwa akisafisha kidonda cha mtu mmoja mvuvi. Alipofungua bendeji nilianguka chali. Nilipozinduka nilikuwa nimelala kitandani, na yule mvuvi, mguu wake wazi, amekaa kando ananipepea kwa chati yake mwenyewe. Basi mgonjwa wangu wa kwanza ndiye aliyeniuguza, na alifanya vizuri kuliko nilivyofanya mimi miaka mitatu iliyofuata.

Kazi ya mikono niliijua upesi. Kuchemsha sindano juu ya stovu, kukunja bendeji zilizofuliwa zisiwe na kifundo, kuchanganya pamanganeti ya kuoshea vidonda mpaka maji yawe na rangi ya ua na si ya damu, hayo yote nilikuwa hodari. Vitu havikutazami usoni. Taabu yangu ilikuwa watu. Chati ilikuwa na mahali pa kuandika kama mgonjwa amepata choo, nami sikuweza kumwuliza mtu mzima, mwenye wake na wajukuu, swali la namna hiyo. Nikawa naandika "ndiyo" kwa kila mtu. Wodi nzima ilipata choo kila siku bila kukosa, jambo ambalo halijapata kutokea katika nchi yoyote. Nilikamatwa pale babu mmoja alipomwambia daktari mwenyewe kwamba ana siku sita. Daktari akatazama chati, akanitazama mimi, akasema, "Labda ni wewe uliyepata."

Sista aliyetuongoza alikuwa mama wa Kizungu mwembamba, mwenye saa iliyoning'inia kifuani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vitanda ishirini na vinne vya wanaume na madresa wawili, na alitaka kabla ya kengele ya saa moja vitanda vyote viwe vimetandikwa, homa zimepimwa, chati zimeandikwa. Kanuni yake ilikuwa moja kwa wote. Wote wanaoshwa wakati mmoja, wote wanapewa uji mmoja, wote wanaulizwa swali moja. Mimi kanuni hiyo niliipenda sana, maana ilinificha. Nilipita kitanda hadi kitanda, kalamu mkononi, kila mzee nikimwita Ta kama desturi ya Wahaya, nikisema, "Shikamoo, Ta. Hujambo leo?" Mtu akijibu sijambo, naandika "hajambo," nahamia kwa mwingine. Wodi nzima niliimaliza kabla uji haujapoa. Sista aliniita dresa mwepesi, nami nikadhani ni sifa.

Asiyekuwa mwepesi alikuwa mfagiaji wetu, Shabani bin Salum. Alikaa mtaa wa Hamugembe. Baba yake alikuwa mtu wa pwani na mama yake Mhaya, kwa hiyo alisema Kiswahili na Kihaya, na kunyamaza kwa lugha zote mbili hakujua. Kufagia wodi ile kulimchukua asubuhi yote. Alikuwa akisukuma ufagio vitanda viwili, kisha anaigeuza ndoo yake chini juu, anakaa, anaanza. Wake wangapi, kibanja, shamba lake la migomba, kiko upande gani, ndizi zimezaa, jirani bado anasogeza mpaka, binti ameposwa na nani. Nilimwona mvivu na mmbeya. Yeye aliniona hivi: alikuwa akiniita "bwana saa."

"Bwana saa," aliniambia siku moja, "huyu wa kitanda cha nne uji wa mahindi haumpiti kooni. Kwao asipopata ndizi hajala."

"Kanuni ni uji," nikamjibu.

"Najua. Na yeye kanuni yake ni ndizi. Tutaona nani atakonda, yeye au kanuni."

Kwa njia hiyo alijua mambo ambayo chati haikuyajua. Alijua nani ni Mwislamu anayefunga na vidonge vyake vya mchana anavificha chini ya mto. Alijua yule mzee aliyekataa mchuzi wa samaki hakuwa mgonjwa zaidi. Samaki alikuwa kamongo, na kamongo ndiye mwiko wa ukoo wao, muziro, na mtu hawezi kumtangaza muziro wake kwa kijana anayepita mbio na sufuria. Mimi niliandika tu, "amekataa chakula." Nilikuwa nasema kweli, na haikumsaidia mtu.

Sasa nifike kwa Ta Kaijage.

Ilikuwa miaka ile askari wetu walipokuwa wamerudi kutoka vita kuu ya pili. Ta Kaijage aliletwa kutoka upande wa Muleba kwenye lori, amefungwa mguu kwa vipande vya mti na kamba za mgomba. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mbuni wa kahawa. Wanaojua kahawa yetu wanajua kwamba ikiachwa inakuwa mti kweli, na mzee wa umri wake hakuwa na haja ya kuupanda, ila wanawe walikuwa wamekwenda Uganda kutafuta kazi. Mfupa wa chini ya goti ulivunjika. Daktari akaunyosha, akaufunga plasta ngumu kutoka vidoleni mpaka juu ya goti, kisha akaondoka kwenda safari ya zahanati za mbali. Mzee akalazwa kitanda cha tisa.

Alikuwa mtu wa heshima za zamani, mpole, aliyevaa kanzu hata kitandani. Kibanja chake alikilima mwenyewe na mkewe. Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu, akiniita mwanangu kwa Kihaya: "Mwana wange, nitatembea?" Nikamwambia daktari amesema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akasema mtu wa mguu mmoja hawezi kupanda mlima wa kwao, na kibanja kisicholimwa huliwa na magugu kwanza, halafu na majirani.

Kila asubuhi nilisimama miguuni pake.

"Shikamoo, Ta. Hujambo leo?"

"Marahaba, mwana wange. Sijambo."

Nikaandika. Kitanda cha tisa hajambo. Siku ya pili hajambo, ya tatu hajambo, mpaka siku ya tisa. Niliyaandika maneno hayo vizuri sana. Ni maneno pekee ambayo mwandiko wangu haukuwahi kuyaharibu. Kwamba mzee alikuwa ameacha kumaliza uji wake, niliona. Kwamba alikuwa akiushika ubao wa kitanda kwa mkono mmoja huku ananijibu, niliona vilevile. Lakini chati haikuwa na mahali pa kuandika mkono.

Siku hiyo ya tisa nilikuwa nyuma ya kabati la shuka, nahesabu foronya, Shabani alipofika kitanda cha tisa na ndoo yake. Nilimsikia akikaa. Wakaamkiana Kihaya kwa urefu wake wote, kila mmoja akimwuliza mwenzake nyumba, watoto, ng'ombe, mvua. Ta Kaijage akaeleza kwamba mkewe amemtuma mtu kusema ndizi zimepata upepo mbaya. Shabani akasikitika kama ndizi ni zake. Nikachoka kusikia. Nikafikiri, sakafu haijafagiwa na hawa wanapanga mvua.

Kisha Shabani akauliza, "Na mguu?"

"Mguu mzima."

"Mzima namna gani?"

Mzee akapunguza sauti. "Waitu, ndugu yangu, tangu Ijumaa sijalala. Kuna kitu kinanila kisigino humo ndani. Kwanza kilichoma. Sasa hakichomi sana, ila kinanuka."

"Dresa umemwambia?"

"Hajaniuliza."

"Anakuja kila asubuhi na kalamu."

"Anakuja kuniamkia. Nami namwitikia. Lakini haketi. Mtu aliyesimama ana safari, Shabani. Utamzuiaje mwenye safari kwa habari za kisigino?"

Nilibaki na foronya mkononi. Ningekuwa mtu wa maana ningetoka pale pale nyuma ya kabati. Nilingoja mpaka Shabani amefika mwisho wa wodi, nikapita kama ninayetafuta kitu. Yeye ndiye aliyenishika mkono.

"Mtu wako wa tisa anaoza."

"Chati inasema hajambo," nikasema. Naona haya kuandika jibu hilo, lakini ndilo nililotoa.

"Basi ipake chati dawa," akasema, akarudi kwenye ufagio wake.

Nikaenda kitanda cha tisa. Nikainama, nikaweka pua kwenye ukingo wa plasta, chini karibu na vidole. Vijana, harufu ile mnaijua. Vidole vyenyewe vilikuwa vimevimba na kung'aa. Nikakimbia, mimi ambaye sikuwahi kuufungua mlango wa sista bila kukohoa mara tatu, nikaingia bila kukohoa.

Sista akaja, akanusa, uso ukambadilika. Akaagiza lori limfuate daktari. Halafu akanigeukia mbele ya wodi nzima.

"Nani amegundua?"

Shabani alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, hatua nne kutoka kwangu. Ta Kaijage alikuwa ananitazama, kichwa juu ya mto wa kitanda.

"Mimi, sista," nikasema.

Haya yangu, ile iliyonizuia miaka mitatu kumwuliza mtu habari za choo, haikunizuia kusema uongo huo. Ulitoka laini kabisa. Sijui ulikuwa umekaa wapi.

Daktari alifika alasiri, nguo zimejaa vumbi. Akaikata plasta kwa mkasi mkubwa, nami nikamshikia mguu. Kisigino kilikuwa na shimo jeusi, na ndani yake palionekana mfupa. Plasta ilikuwa imebana mahali hapo tangu mwanzo. Daktari aliosha, akachonga kilichokufa, na Ta Kaijage alikuwa ameshika mkanda wangu kwa nguvu hata ukakatika. Alipomaliza, daktari akamwekea kidole chini ya goti, akasema kwa Kiswahili ili wote tusikie, "Siku mbili zaidi, ningekata hapa." Kisha akanipiga bega. "Dresa ana akili."

Jioni nilikutana na Shabani kwenye bomba la maji, anaosha ndoo. Nilikuwa nimejipanga kumwambia neno, hata nilikuwa nimelikariri. Akaniwahi.

"Hongera, dresa. Una pua nzuri."

Neno nililolikariri likarudi tumboni, na mpaka leo halijatoka.

Mguu wa Ta Kaijage ulichukua miezi. Kila siku nilimsafisha kwa maji ya chumvi, nikamfunga, na kwa kuwa kidonda cha kisigino hukifikii ukiwa wima, ikanilazimu kukaa. Niliazima ndoo ya Shabani. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu ukikaa chini yake kidogo, macho yako yakiwa kwenye bendeji na si usoni kwake, anasema. Hata mimi nilianza kusema. Kwa mtu mwenye haya, ndoo ni dawa. Mnapata kitu cha kutazama wote wawili. Jifunzeni hilo, ninyi mnaosema hamna muda. Nilipima: kitanda kimoja kwa ndoo hakizidi muda wa kuchemsha sindano, ukiweka sindano motoni kwanza ndipo ukakae.

Siku moja Ta Kaijage akaniambia, "Unafunga vizuri, mwana wange. Nani alikufundisha?"

"Sista."

"Na kuuliza, nani alikufundisha?"

Nikainama kwenye kisigino chake kwa muda mrefu kuliko kisigino kilivyohitaji. Hakurudia swali. Aliondoka kwa miguu yake miwili, na fimbo, akapanda lori la kurudi Muleba, na mkewe alikuwa amemletea Shabani mkungu mzima wa ndizi. Mimi aliniletea nusu. Nilijua kwa nini, nikala nikashukuru.

Kama hadithi ingeishia hapo ningewaandikia kwa furaha na kujicheka zaidi. Lakini mwaka uliofuata akaja sista mwingine, kijana, mwenye bidii kuliko yule wa kwanza. Akaona sakafu inachelewa. Akaniita ofisini, kwa sababu mimi nilikuwa dresa mwenye akili.

"Ni kweli kwamba mfagiaji anakaa na kuzungumza na wagonjwa saa za kazi?"

Hakuuliza jambo jingine. Nami nilikuwa na jibu la kweli lenye maneno mawili, na jingine la kweli lenye maneno mengi. La pili lingeanza na kisigino, na ndani yake ningelazimika kusema nani aligundua.

"Ni kweli, sista," nikasema.

Shabani aliachishwa kazi mwisho wa mwezi. Alikuja wodini kuaga, kitanda hadi kitanda, akachukua muda wake wote wa kawaida. Kwangu alinipa mkono, akaniambia, "Ndoo nimekuachia, ni ya serikali." Hakuonyesha kama alijua nilichosema ofisini. Nadhani alijua. Yule mtu alikuwa akijua mambo ya watu wote.

Nikaendelea na ndoo. Baadaye nilihamishiwa zahanati upande wa Muleba nikaipeleka desturi hiyo huko, na vijana waliokuja kujifunza kwangu wakaichukua, mmoja akairudisha Bukoba, mpaka ikaja kuitwa kwa jina langu. Kule zahanati nilibishana sana na wenzangu. Mmoja alikuwa akisema, "Zakaria, wagonjwa hamsini, wewe unamwuliza mmoja habari za ng'ombe wake. Nani atawatazama arobaini na tisa?" Ni neno la haki. Zipo siku sikukaa kwa mtu hata mmoja, foleni imefika barabarani. Ninachojua ni kwamba siku hizo niliandika maneno mazuri kwenye chati, na nililala vibaya.

Ta Kaijage nilimkuta huko, anachechemea kibanjani kwake, analima. Nilipita nyumbani kwake mara nyingi. Aliniletea kahawa ya kutafuna, tukakaa kwenye nyasi safi alizotandaza ndani, tukaongea kila kitu. Miaka miwili iliyopita, akiwa mgonjwa wa ugonjwa wa uzee, alinishika mkono akauliza, "Yule wa ufagio, uliwahi kumwambia?" Nikasema bado. Akasema, "Usingoje nikutolee ushahidi huko ninakokwenda." Tulimzika kibanjani kwake, na miguu yake miwili.

Mwaka huu nilipopata nafasi nilikwenda Hamugembe kumtafuta Shabani. Nyumba nikaiona, wanakaa watu wengine. Wakaniambia mzee alifariki zamani kidogo, na watoto wake, mwana mmoja na mabinti wawili, wameuza. Mmoja akasema wamehamia mtaa wa Bakoba, mwingine akasema mwana yuko kwenye meli za ziwani. Nilizunguka Bakoba siku nzima. Nilikuwa nauliza kwa sauti ndogo, kama kawaida yangu, na sikumpata anayewajua.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, mtindo huo wodini muuite wa Shabani, na jina langu mlifute. Pili, ninyi mnawaona watu wengi kila siku, waulizeni. Atakayewasikia watoto wa Shabani bin Salum, mfagiaji wa Hamugembe, aniandikie, niko hapa hapa kibanjani kwetu, Muleba, kila dresa wa zahanati anapajua. Nataka niende kwao niwaambie kwamba baba yao hakuachishwa kazi kwa uvivu, na kwamba mtu aliyeweza kusema hivyo alikuwepo ofisini akanyamaza. Najua wataniuliza kwa nini nimechelewa namna hii. Jibu sina. Kama yuko kati yenu anayelijua, basi na aniandikie pia.

Ndimi mwenzenu,
Zakaria